Udhibiti wa habari na propaganda nchini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Udhibiti wa habari na propaganda nchini Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) ulikuwa mfumo wa sheria, ofisi na mbinu ambazo serikali ilizitumia kuamua watu wasome, waone na wasikie nini kuhusu vita. Udhibiti ni kuzuia habari isitoke. Propaganda ni kueneza habari, picha na hadithi zilizochaguliwa ili kuwavuta watu upande mmoja. Kazi hizo mbili zilitegemeana: habari za kweli zilipokosekana, zile zilizotengenezwa zilipata nafasi ya kuaminika kwa urahisi zaidi.

Mfumo huo ulilenga makundi manne: wananchi wa Uingereza, askari waliokuwa mstari wa mbele, nchi zisizoshiriki vita (hasa Marekani) na adui mwenyewe. Baada ya vita ilijulikana kwamba baadhi ya habari zilizoenezwa hazikuwa za kweli, na wasomaji wengi walipoteza imani na taarifa za serikali. Shaka hiyo ilidumu hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo habari za kweli kuhusu mauaji ya Wayahudi zilipokelewa na baadhi ya maofisa kama uvumi mwingine wa vita.

Mwanzo wa udhibiti

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Siku iliyofuata meli ya nyaya iitwayo Alert ilinyanyua nyaya za telegrafu za Ujerumani zilizolala chini ya bahari kati ya Uingereza na bara la Ulaya, ikazikata. Tangu hapo Ujerumani ilitegemea redio pamoja na nyaya za nchi nyingine ili kuwasiliana na Amerika, na njia zote mbili ziliweza kunaswa. Habari nyingi za vita zilizofika New York kwa waya zilipita kwanza London, mikononi mwa wakaguzi wa Uingereza. Hali hiyo ilichangia pia kunaswa kwa telegramu ya waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Arthur Zimmermann, ya Januari 1917 iliyopendekeza ushirika wa kivita na Mexiko. Ilipotangazwa mwezi Machi iliwakasirisha Wamarekani, na mwezi Aprili nchi yao iliingia vitani.

Tarehe 8 Agosti 1914 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Ufalme. Sheria hiyo iliipa serikali mamlaka ya kutunga kanuni bila kurudi bungeni kila mara. Kanuni zake zilikataza kueneza taarifa zinazoweza kuleta hofu au kuvunja utii wa raia na askari. Ziliongezwa mara nyingi kadiri vita vilivyoendelea, zikagusa hata mambo madogo kama kurusha tiara, kwa kuwa iliogopwa kwamba tiara zingeweza kutumika kutoa ishara kwa adui.

Magazeti na waandishi wa habari

Tangu mwaka 1912 kulikuwa na kamati ya pamoja ya wanajeshi na wenye magazeti, ambayo iliomba siri fulani za kijeshi zisichapishwe. Wahariri walitii kwa hiari. Vita vilipoanza serikali iliunda ofisi maalumu ya kutoa na kukagua habari za magazeti, ikiongozwa mwanzoni na mwanasheria F. E. Smith. Waziri wa Vita, Lord Kitchener, aliwakataza waandishi wa habari kwenda mstari wa mbele. Badala yao aliteuliwa ofisa wa jeshi, Ernest Swinton, ambaye makala zake zilitolewa kwa magazeti yote bila jina lake, chini ya cheo cha "Shahidi wa Macho".

Uhaba wa habari ulizaa uvumi. Mnamo Agosti na Septemba 1914 watu wengi waliamini kwamba maelfu ya askari wa Urusi walikuwa wakisafirishwa kwa treni kupitia Uingereza kuelekea Ufaransa, hadi serikali ikakanusha. Mwandishi Arthur Machen alichapisha hadithi ya kubuni kuhusu wapiga mishale wa kale waliotokea kuwasaidia Waingereza vitani. Baada ya miezi michache hadithi hiyo ilisimuliwa kama muujiza wa malaika ulioonekana huko Mons, Ubelgiji. Machen alieleza kwamba aliitunga mwenyewe, lakini wengi hawakumsikiliza.

Kuanzia katikati ya mwaka 1915 waandishi wachache waliruhusiwa kukaa na jeshi nchini Ufaransa. Walivaa sare za kijeshi, waliongozana na maofisa, na kila walichoandika kilisomwa na mkaguzi kabla ya kutumwa. Udhaifu wa mpango huo ulionekana katika mapigano ya Somme. Siku ya kwanza, tarehe 1 Julai 1916, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470, wakiwemo 19,240 waliokufa. Magazeti ya London yaliripoti kwamba siku ilikwenda vizuri. William Beach Thomas wa Daily Mail alikiri miaka ya baadaye kwamba aliona aibu kwa yale aliyoyaandika wakati huo.

Hata hivyo magazeti hayakunyamazishwa kabisa. Mwezi Mei 1915 The Times liliandika kwamba jeshi lilipungukiwa na makombora. Habari hiyo ilichangia kuvunjika kwa serikali ya chama kimoja ya Herbert Asquith na kuundwa kwa serikali ya mseto. Kwa upande mwingine, gazeti la The Globe lilifungwa kwa muda mwezi Novemba 1915 baada ya kudai kwamba Kitchener amejiuzulu.

Barua ya Gallipoli

Mfano unaotajwa mara nyingi kuhusu hasara za udhibiti ni wa Gallipoli, rasi ya Uturuki ambako Waingereza, Wafaransa, Waaustralia na Wanyuzilandi walishuka mwezi Aprili 1915. Mashambulizi yalikwama, na ugonjwa wa kuhara ulidhoofisha jeshi, lakini wakaguzi wa huko hawakuruhusu habari hizo zitumwe.

Mwezi Septemba 1915 mwandishi Mwingereza Ellis Ashmead-Bartlett alimkabidhi mwenzake kutoka Australia, Keith Murdoch, barua ya siri kwa Waziri Mkuu Asquith. Murdoch alisimamishwa na ofisa wa Uingereza huko Marseille, na barua ikachukuliwa. Alipofika London aliandika barua yake mwenyewe kwa Waziri Mkuu wa Australia, Andrew Fisher, akieleza aliyoyaona na kuyasikia. Baadhi ya madai yake yalitiwa chumvi, lakini picha ya jumla ilikuwa sahihi. Barua hiyo ilisambazwa kwa mawaziri wa Uingereza. Mwezi Oktoba Jenerali Ian Hamilton aliondolewa uongozini, na kufikia Januari 1916 majeshi yote yalikuwa yameondolewa Gallipoli.

Barua za askari

Barua za askari wa kawaida zilisomwa na maofisa wa kikosi chao, ambao walifuta majina ya mahali, idadi ya askari na mipango ya vita. Kwa hiyo askari aliyemwandikia mke wake alijua kwamba kiongozi wake angeisoma barua hiyo kwanza. Wengi walijidhibiti wenyewe, wakaandika kuhusu hali ya hewa, chakula na afya.

Jeshi lilitoa pia kadi ya posta yenye sentensi zilizokwisha kuchapishwa: kwamba mwandishi ni mzima, kwamba amelazwa hospitalini, kwamba amepokea barua au kifurushi. Askari alikata zile zisizomhusu na kutia sahihi. Akiongeza neno lolote, kadi iliharibiwa. Baadaye zilitolewa bahasha za kijani ambazo hazikufunguliwa kikosini. Askari aliahidi kwa heshima yake kwamba ndani mna mambo ya familia tu, lakini bahasha hizo ziliweza kukaguliwa nyuma ya mstari wa mbele.

Habari zilizofichwa

Tarehe 27 Oktoba 1914 manowari Audacious iligonga bomu lililotegwa baharini kaskazini mwa Ireland, ikazama. Abiria wa meli ya Olympic, wakiwemo Wamarekani, waliishuhudia na kuipiga picha. Jeshi la majini liliamua kuficha tukio hilo. Magazeti ya Marekani yaliandika habari hiyo, na Wajerumani waliijua kabla ya mwisho wa mwezi Novemba. Hata hivyo serikali ya Uingereza ilitangaza rasmi kuzama kwa meli hiyo tarehe 14 Novemba 1918, siku tatu baada ya vita kwisha. Kwa karibu miaka minne siri hiyo haikumficha adui chochote. Waliofichwa walikuwa wasomaji wa Uingereza.

Mazoea ya kuficha yaliathiri hata taarifa za kweli. Baada ya mapigano ya majini ya Jutland (31 Mei – 1 Juni 1916) taarifa ya kwanza ya Uingereza ilitaja waziwazi manowari zilizopotea. Wasomaji, waliozoea kuona hasara zikipunguzwa, walidhani kwamba jeshi lao limeshindwa vibaya zaidi. Ujerumani nayo ilijitangaza mshindi huku ikificha kuzama kwa manowari yake kubwa Lützow. Ilipolazimika kukiri siku chache baadaye, taarifa zake zilipoteza uzito.

Mwaka 1918 homa kali ya mafua ilienea duniani na kuua mamilioni ya watu. Katika nchi zilizokuwa vitani magazeti yaliiandika kwa tahadhari. Hispania haikushiriki vita, na magazeti yake yaliripoti ugonjwa huo kwa uhuru, hasa Mfalme Alfonso XIII alipougua. Ndiyo sababu ugonjwa uliitwa "homa ya Hispania", ingawa haukuanzia huko.

Wellington House

Mwanzoni mwa vita mwanasiasa Charles Masterman alipewa kazi ya kuongoza ofisi ya siri ya propaganda, iliyokuwa katika jengo la Wellington House jijini London. Tarehe 2 Septemba 1914 aliwaalika waandishi mashuhuri, miongoni mwao Thomas Hardy, H. G. Wells, Arthur Conan Doyle na G. K. Chesterton, wajadili namna ya kusaidia.

Ofisi hiyo haikutumia jina la serikali. Vitabu na vijitabu vyake vilichapishwa na kampuni za kawaida za vitabu, hivyo msomaji wa Marekani aliamini kwamba anasoma maoni ya mwandishi huru. Wabunge wengi wa Uingereza hawakujua kwamba ofisi hiyo ipo. Masterman alipendelea maandishi ya utulivu yaliyojengwa juu ya ushahidi, akiamini kwamba watu wenye elimu wangekataa kelele.

Mwezi Februari 1918 iliundwa Wizara ya Habari chini ya Lord Beaverbrook, mwenye gazeti la Daily Express. Lord Northcliffe, mwenye The Times na Daily Mail, alipewa propaganda dhidi ya adui. Vipeperushi vingi vilirushwa kwa baluni juu ya mahandaki ya Wajerumani, vikieleza kwamba vita vimeshindikana kwao. Kwa njia hiyo wenye magazeti, waliotarajiwa kuichunguza serikali, waliingia kuitumikia.

Ubelgiji na ripoti ya Bryce

Jeshi la Ujerumani lilipovamia Ubelgiji mwezi Agosti 1914 lilitenda makosa makubwa dhidi ya raia. Huko Dinant watu 674 waliuawa. Mjini Leuven maktaba ya chuo kikuu iliteketezwa pamoja na vitabu vyake vya kale. Wanahistoria John Horne na Alan Kramer wamekadiria kwamba raia wapatao 6,500 waliuawa nchini Ubelgiji na Ufaransa katika miezi ya kwanza ya vita.

Serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya James Bryce, msomi aliyewahi kuwa balozi huko Washington na kuheshimiwa na Wamarekani. Ripoti yake ilitolewa tarehe 12 Mei 1915, siku tano baada ya nyambizi ya Ujerumani kuizamisha meli ya abiria Lusitania. Ilitafsiriwa katika lugha nyingi na kusambazwa hasa Marekani.

Ripoti ilitegemea maelezo ya mashahidi wapatao 1,200, wengi wao wakimbizi wa Ubelgiji. Mashahidi hawakula kiapo, majina yao hayakutajwa, na wanakamati hawakuwahoji wenyewe. Humo mauaji ya kweli yalichanganywa na hadithi za kutisha za watoto waliokatwa viungo, ambazo hazikuthibitishwa. Baada ya vita, zile hadithi zilipokataliwa, wasomaji wengi walikataa na mauaji yaliyotokea kweli.

Uvumi wa kiwanda cha maiti

Mwezi Aprili 1917 The Times na Daily Mail yalichapisha habari kwamba Wajerumani wana kiwanda kinachochemsha maiti za askari wao ili kupata mafuta. Sehemu ya habari hiyo ilitoka katika gazeti la Kijerumani lililotaja kiwanda cha kutumia "Kadaver". Katika Kijerumani neno hilo hutumika kwa mzoga wa mnyama, na kiwanda kilichotajwa kilishughulikia mizoga ya farasi. Katika tafsiri mzoga uligeuka kuwa maiti ya binadamu.

Serikali ya Uingereza haikusema kwamba habari hiyo ni ya kweli, wala haikuikanusha ilipoulizwa bungeni. Iliiacha ienee. Ni mwezi Desemba 1925 tu ambapo Waziri wa Mambo ya Nje, Austen Chamberlain, aliliambia Bunge kwamba anakubali kauli ya Ujerumani kuwa habari hiyo haikuwa na msingi.

Mabango, filamu na sanaa

Hadi mwanzoni mwa 1916 jeshi la Uingereza lilitegemea watu wa kujitolea, kwa hiyo mabango ya kuwaita vijana yalibandikwa kila mahali. Linalojulikana zaidi ni picha ya Kitchener akimnyooshea kidole mtazamaji, iliyochorwa na Alfred Leete mwaka 1914. Sheria ya Januari 1916 ilileta uandikishaji wa lazima.

Filamu kuhusu mapigano ya Somme, iliyopigwa na Geoffrey Malins na John McDowell, ilianza kuonyeshwa mwezi Agosti 1916 wakati mapigano yakiendelea. Mamilioni ya Waingereza waliitazama. Ilionyesha majeruhi na hata maiti, jambo lililokuwa geni. Lakini tukio lake maarufu zaidi, la askari wakitoka handakini na wengine kuanguka, liliigizwa nyuma ya mstari wa mbele.

Wachoraji walioajiriwa na serikali nao walikaguliwa. Mchoraji C. R. W. Nevinson alikatazwa kuonyesha picha ya askari wawili Waingereza waliolala wamekufa mbele ya seng'enge. Mwaka 1918 aliitundika hivyo hivyo katika maonyesho yake, akaifunika kwa karatasi ya kaki yenye neno la kueleza kwamba imezuiwa. Alikaripiwa kwa kufanya hivyo.

Waliopinga

Watu waliokataa vita kwa sababu ya dini au dhamiri walikuwa na magazeti na vikundi vyao. Mwanafalsafa Bertrand Russell alitozwa faini ya pauni 100 mwaka 1916 kwa kipeperushi alichoandika kumtetea mtu aliyekataa kupigana. Mwaka 1918 alifungwa miezi sita katika gereza la Brixton kwa makala ya gazeti.

Mwishoni mwa mwaka 1917 Waziri Mkuu David Lloyd George alimsikiliza mwandishi Philip Gibbs akieleza hali halisi ya mstari wa mbele. Baadaye alimwambia mhariri C. P. Scott kwamba kama watu wangejua ukweli, vita vingesimama kesho yake. Lakini hawajui na hawawezi kuujua. Scott aliyaandika maneno hayo katika shajara yake.

Katika makoloni ya Afrika

Udhibiti ulifika pia katika makoloni. Mwezi Novemba 1914 mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland (leo Malawi) alipeleka barua kwa gazeti la Nyasaland Times. Aliuliza kwa nini Waafrika waitwe kufa katika vita visivyo vyao, ilhali wakati wa amani hawapati haki sawa na Wazungu. Serikali ya koloni ililizuia toleo lenye barua hiyo. Mwezi Januari 1915 Chilembwe aliongoza uasi, na tarehe 3 Februari aliuawa. Wanahistoria huitaja barua iliyozuiwa kama nafasi ya mwisho ya malalamiko yake kusikika kwa amani.

Katika Afrika ya Mashariki vita kati ya Waingereza na Wajerumani vilitegemea wapagazi. Makadirio ya wanahistoria kuhusu wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, hufikia takriban 95,000. Katika magazeti ya Uingereza walipata nafasi ndogo kuliko majenerali. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi, yote mawili yakitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Ulinganisho na Ujerumani

Nchini Ujerumani udhibiti ulikuwa mikononi mwa makamanda wa kijeshi wa mikoa. Wananchi hawakuelezwa waziwazi kwamba jeshi lao lilishindwa kwenye mto Marne mwezi Septemba 1914. Mwaka 1918 waliendelea kusoma habari za matumaini hadi karibu na mwisho, kisha mwezi Oktoba wakasikia ghafla kwamba serikali yao inaomba kusimamisha vita. Wengi hawakuweza kuelewa. Pengo hilo lilijazwa na madai ya uongo kwamba jeshi halikushindwa vitani bali lilisalitiwa nyumbani na wanasiasa, wasoshalisti na Wayahudi. Chama cha Nazi kiliyatumia madai hayo kujijenga.

Matokeo baada ya vita

Mwaka 1928 mwanasiasa Arthur Ponsonby alichapisha kitabu kuhusu uongo wa wakati wa vita kilichosomwa sana. Adolf Hitler aliisifu propaganda ya Uingereza katika kitabu chake Mein Kampf na kusema Ujerumani ijifunze kwayo.

Athari nzito zaidi ilionekana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uingereza na washirika wake walilaani hadharani mauaji ya Wayahudi tarehe 17 Desemba 1942. Pamoja na hayo, mwezi Agosti 1943 ofisa wa juu wa upelelezi wa Uingereza, Victor Cavendish-Bentinck, alitilia shaka taarifa za Wapolandi na Wayahudi kuhusu vyumba vya gesi. Aliandika kwamba zinamkumbusha ule uongo wa mafuta ya maiti wa vita vilivyopita. Maneno yaliyotaja vyumba vya gesi yaliondolewa katika tamko lililokuwa likiandaliwa kuhusu uhalifu nchini Poland. Taarifa hizo zilikuwa za kweli.